UZI: Mtunza stoo siku za kazi, deiwaka wa tipa wikendi. Miezi saba yangu, na swali moja linalonikosesha usingizi

#1 Mtunza Stoo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa miaka, leo nimeona na mimi niweke changu. Niko Dar, nimeajiriwa kutunza stoo ya vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Nyerere. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 11 jioni. Jumamosi saa 7 mchana nimeshafunga. Mshahara wangu ni ule wa kufa tarehe 18. Nina mke na watoto wawili, na kiwanja Chanika ambacho msingi wake umeota majani.

Kazi yangu inanikutanisha na madereva wa tipa kila siku. Wanakuja kupakia saruji na nondo, wanakaa kijiweni kusubiri karatasi, tunapiga soga. Huko ndiko wazo lilikoanzia. Leseni ya D, ya magari madogo, ninayo siku nyingi. Mwaka juzi likizo yangu ya siku 28 sikwenda kijijini, nilikwenda kusoma magari makubwa (vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha, chuo cha usafirishaji NIT pale Mabibo wanafundisha, chagueni wenyewe), nikapanda hadi daraja E. Mama alininunia mwezi mzima kwa kutokwenda kumsalimia.

Sasa hapa ndipo wengi mnapokosea, na mimi nilikosea. Nilidhani leseni ndiyo mlango. Nikazunguka na bahasha kwa matajiri wenye magari, kila mmoja ananiuliza: umeendesha wapi? Nikisema nimesoma, anacheka. Nikisema nataka Jumamosi na Jumapili tu, anacheka zaidi. Tajiri hamtafuti mtu wa wikendi. Anayemtafuta mtu wa wikendi ni dereva mwenye gari, yaani aliyekabidhiwa na tajiri: yule ambaye amechoka, ana msiba, ana harusi, au anataka tu Jumapili moja alale. Ndiye anayekupa usukani na kukulipa mfukoni mwake, hesabu ya tajiri anapeleka yeye. Huo ndio udeiwaka. Mimi aliyenipa nafasi ni dereva wa tipa ya tairi kumi aliyenizoea stoo. Kabla hajaniachia gari nilikaa kwake kama utingo wikendi sita, bila malipo, nafungua na kufunga mlango wa bodi, naweka mawe kwenye tairi, naangalia anavyofanya.

Kipato, maana najua mtauliza: mchanga wa upande wa Mkuranga, Jumapili ikiwa nzuri napiga trip tatu, narudi nyumbani na elfu 45. Siku mbaya, foleni machimboni au mvua, trip moja. Kokoto za Lugoba zinalipa vizuri zaidi lakini safari ni ndefu. Kwa mwezi sijawahi kushuka chini ya laki mbili. Msingi wa Chanika sasa una tofali kozi nne.

Tatizo langu. Wiki tatu zilizopita Jumamosi nimefunga stoo saa 7, saa 8 nimeshika usukani kwenda Lugoba. Kupakia tukachelewa. Narudi na kokoto, saa 4 usiku, tumeshapita Vigwaza, karibu na Mlandizi. Nakumbuka taa za basi lililokuwa mbele yangu. Kinachofuata nakumbuka ni utingo anapiga dashibodi kwa kiganja na kuniita jina langu kamili, la ubatizo, ambalo hata sijui alilijuaje. Taa za basi hazikuwepo. Tairi za kushoto zilikuwa kwenye changarawe.

Tulipaki pale pale hadi alfajiri. Utingo hajamwambia mtu. Mimi ndiyo nawaambia ninyi.

Niendelee? Kama ndiyo, niendeleeje?

#2 Kijiti cha Mwisho

Nimekaa paleee na kahawa. Wajuzi wapite.

#3 Gia ya Kupandia

Mleta uzi, mimi nimestaafu semi baada ya miaka 31, njia ya Tunduma na mbele yake. Nianze na la moyoni halafu nikusaidie.

La moyoni: ninyi wenye mishahara mnapokuja kushika magari Jumapili, kuna kijana amekaa utingo miaka minne anangoja hiyo hiyo Jumapili. Sisi tulitoka chini ya gari. Tulianza kwa kupaka grisi na kulala juu ya turubai. Wewe umetoka stooni na cheti.

Sasa msaada. Umeshukuru Mungu lakini hujamwelewa. Usingizi wa usukanini hauji kama mgeni anayebisha hodi. Ukianza kufungua dirisha, ukaongeza redio, ukatafuta karanga, huo ni usingizi, umeshaingia. Wakati huo unapaki. Huongezi hata kilomita tano "nifike pale kwenye taa".

La pili, la gari lenyewe. Hukusema kama asubuhi unamwaga maji kwenye matenki ya upepo. Madeiwaka wengi hawamwagi, maana gari si lao, wanakuta linanguruma wanapanda. Upepo wa kompresa una unyevu, maji yanakaa chini ya tenki, yanakula nafasi ya upepo na kuozesha vali. Mwaga. Halafu pandisha upepo, zima injini, kanyaga breki ushikilie dakika nzima, tazama mshale. Ukiona unashuka kwa kasi, hilo gari mrudishie mwenyewe. Zunguka tairi zote na nyundo, sikiliza. Nati iliyolegea ina alama ya kutu inayotiririka, huhitaji kuwa fundi kuiona.

#4 Mtunza Stoo

Mzee wangu shikamoo. La utingo nimelipokea, sina cha kujitetea. Huyo kijana yupo, ndiye aliyeniamsha. Nilipokuwa najifunza nilimkuta ana miaka miwili kwenye gari. Leseni hana, na ada ya kusomea hana. Tumekubaliana jambo kati yetu, sitaliandika hapa.

Maji namwaga. Mtihani wa kukanyaga dakika nzima nilifundishwa chuoni, nikauacha mwezi wa pili. Naanza tena.

#5 Afisa Utumishi

Naomba niongee upande usiopendwa.

Mleta uzi, umesoma mkataba wako wa stoo? Mikataba mingi ina kipengele cha kutofanya kazi nyingine bila kibali cha maandishi. Wako ukiwa nacho, kinachokulinda leo ni kwamba hakuna aliyekuona. Na wewe unatunza stoo ya vifaa vya ujenzi, halafu unabeba mchanga na kokoto, na pengine unawapelekea wateja walewale. Mwajiri akitaka kukuambia una mgongano wa maslahi hatahitaji kutafuta maneno.

Pili, saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, isizidi saa 12 kwa siku hata ukiweka za ziada, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 mfululizo kila wiki. Stoo yako inaitekeleza vizuri tu: ukitoka Jumamosi saa 7 mchana hadi Jumatatu saa 2 asubuhi una saa 43. Mwajiri ametimiza wajibu wake. Kisha wewe mwenyewe unazichukua saa 43 unazipeleka Lugoba. Hakuna anayejumlisha. Mwajiri anahesabu zake, dereva mwenye gari hahesabu chochote.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ukiumia stooni, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri anakuchangia. Ukiumia kwenye tipa, wewe ni nani? Tajiri hakujui. Huna mkataba, huna karatasi. Dereva aliyekupa gari atasema nini, kwamba alimpa mtu gari la watu kwa siri? Na bima ya gari je, umewahi kuiona ni ndogo au kubwa? Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Tipa ikilala mtaroni, ni wewe na tajiri mnatazamana.

#6 Kijiti cha Mwisho

Afisa ametupa jiwe kwenye mzinga.

#7 Boksi Ohio

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Columbus, Ohio, na nimesoma uzi huu nikacheka peke yangu ghalani, maana maisha ya mleta uzi ndiyo yangu, tofauti ni barafu. Jumatatu hadi Ijumaa nabeba maboksi, Jumamosi naendesha treila ya vyakula, natoka asubuhi narudi usiku.

Huku mtu wa muda naye anahangaika kama ninyi. CDL, leseni ya magari makubwa ya huku, nilipata, chuo kilichosajiliwa (tangu Februari 2022 huwezi kwenda kufanya mtihani wa mara ya kwanza bila kupita huko), kipimo cha afya, kipimo cha mkojo, yote. Kisha kila kampuni ikaniuliza una miaka miwili barabarani? Kampuni za bima ndizo zinazotaka hivyo. Nilipata mlango kwa msimu wa sikukuu, mwezi Novemba na Desemba, mizigo inapokuwa mingi kuliko madereva.

Lakini nililotaka kusema ni lile la Afisa, "hakuna anayejumlisha". Huku wanajumlisha, na ndilo jambo lililonishangaza kuliko yote. Dereva anaruhusiwa kuendesha saa 11, ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Kwa siku 8 asizidi saa 70 za kazi. Sasa sikilizeni: kazi yoyote unayolipwa, hata isiyohusu gari kabisa, inahesabiwa humo. Maboksi yangu ni saa za kazi mbele ya sheria ya barabara.

Kwa hiyo Ijumaa nikiingia ghalani saa 1 asubuhi, dirisha langu limeanza saa 1 asubuhi. Nikitoka saa 9 alasiri nikapanda lori, saa 3 usiku sina ruhusa ya kuendesha hata mita moja, ingawa usukani nimeushika saa sita tu. Saa za ghalani naziingiza mwenyewe kwenye kifaa cha kurekodi. Mwanzoni niliona uonevu: nimekaa ghalani, sijachoka macho, kwa nini mnanikata? Jumamosi moja nikaelewa kwa nini, na simulizi yake inafanana na ya Mlandizi, ila mimi utingo sina.

Kingine kwa wanaotamani kuja: Kiingereza. Sheria ilikuwepo muda mrefu, lakini tangu Juni 2025 askari akikusimamisha ukashindwa kuongea naye na kusoma alama, gari haliondoki na wewe. Kuna ndugu zetu wazuri sana wa kazi yamewakuta.

#8 Mtunza Stoo

Boksi, umenifanya nichukue kalamu. Jumamosi ile niliamka saa 11 alfajiri. Nimelala Mlandizi saa 4 usiku. Ni saa 17. Kwa hesabu ya huko kwenu, saa 2 asubuhi nimeanza stoo, dirisha la saa 14 linaisha saa 4 usiku.

Yaani dakika ile ile.

#9 Nesi wa Zamu

Saa 17 za kukaa macho zimepimwa, mkuu. Wataalamu waliwapima watu wakakuta wanafanya makosa kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ulikuwa unaendesha umelewa bila kunywa. Sisi wa zamu za usiku tunafundishwa hili darasani halafu tunatoka zamu na kuendesha gari kwenda nyumbani, kwa hiyo sikuhukumu.

#10 Msafiri wa Kilindini

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa. Nafundisha madrasa asubuhi, jioni nashika lori la kuhamisha makontena, bandarini Kilindini hadi yadi za Changamwe na Miritini. Masafa mafupi mno, kilomita chache. Saa nyingi ni za foleni.

Nasema hivi kwa sababu nadhani ndugu yetu anauliza aendelee au aache, na kuna njia ya tatu, achague mzigo. Mtu wa kazi mbili hafai mzigo wa mbali hata kidogo. Mzigo wa karibu ukichoka watelemka, watembea kwa miguu hadi nyumbani, lori latafuta mwenyewe. Mzigo wa mbali ukichoka, uko Mlandizi.

Ila mujue foleni nayo yachosha. Watu wadhani kukaa kwenye lori lililosimama ni kupumzika. Wasonga mita kumi, wakanyaga klachi, wasonga mita kumi. Goti langu la kushoto laweza kuwaeleza.

#11 Mwalimu wa Ilula

Nilikuwa nangoja mtu aguse kwangu, naona mmepita mbali, acha niulize mwenyewe. Nafundisha sekondari hapa Ilula, Iringa. Kila Ijumaa jioni Fuso za nyanya zinatoka hapa kwenda Dar, soko la Ilala, zifike kabla hakujakucha. Kuna mama mwenye gari ananiamini, anataka niwe wa Ijumaa: natoka saa 12 jioni, nashusha alfajiri, nalala Dar, narudi Jumapili. Shuleni hakuna kipindi kinachoharibika. Leseni ninayo. Nimeshaendesha Fuso tupu mara nyingi, yenye mzigo mara mbili, zote mchana. Mnasemaje?

#12 Gia ya Kupandia

Mwalimu, keti.

Ukitoka Ilula na nyanya, kabla hujatulia kitini unashuka Kitonga. Mwanzoni mwa safari, usiku, gari limejaa, breki baridi, na wewe umetoka kusimama ubaoni tangu asubuhi. Unajua nini kinaua watu pale? Wanaoshuka hawasukumwi na mlima peke yake. Wanasukumwa na saa ya soko. Nyanya ikifika kumekucha bei imeanguka, mwenye mzigo anapiga simu, dereva anaachia fri, yaani anatoa gia, ili gari lijiendee lenyewe, eti anaokoa na mafuta. Gari likiwa fri injini haikusaidii kitu, kila kilo ya tenga la nyanya inakuja kwenye breki. Unakanyaga, unakanyaga, ngoma za breki zinachemka, harufu inaingia kabini. Kufikia hapo kanyagio lipo lakini breki haipo, na gia haiingii tena kwa kasi hiyo.

Mlima unashukwa kwa gia uliyopandia, na mimi naongeza, ukiwa na shaka punguza gia moja zaidi. Gia unaiweka ukiwa bado juu ya mlima, kabla ya mteremko, gari likiwa karibu kusimama. Breki unakanyaga kwa uzito kidogo hadi kasi ipungue, unaachia, zipoe. Usiziburuze mlima mzima. Na usimfuate aliye mbele kwa sababu tu anakwenda, humjui amebeba nini.

Ukimaliza Kitonga, una Mikumi. Kilomita 50 ndani ya hifadhi, usiku, nyati na tembo hawana taa za nyuma. Ukimgonga mnyama utalipa. Ukimgonga tembo, hutalipa wewe, watalipa warithi.

Mwambie huyo mama akupe mchana. Kama mzigo wake hauwezi mchana, basi mzigo wake hauwezi mwalimu.

#13 Mwalimu wa Ilula

Mzee umenijibu kama mzazi. Lakini mchana hakuna nyanya za Ilala.

#14 Gia ya Kupandia

Ndiyo nilichosema.

#15 Mke wa Semi

Naomba na mimi. Mume wangu alianza kama mleta uzi, wikendi tu, kazi yake ilikuwa benki. Mwaka wa pili benki akaacha. Sisemi alikosea, nyumba tumejenga. Nasema Jumapili zilizopita hazikurudi, na mtoto wa pili alimzoea baba kupitia simu. Mleta uzi amehesabu trip, amehesabu tofali. Mkeo anajua kuhusu Mlandizi?

#16 Mtunza Stoo

Hajui, dada. Leo usiku nitamwambia.

#17 Tipa Nyekundu

Niko kwenye tipa muda wote, niongeze mawili ya tipa yenyewe maana naona mmeongea barabara tu. Deiwaka wengi hawaangushi gari barabarani, wanaliangusha saiti.

Unapomwaga, simamisha gari sehemu tambarare. Ukinyanyua bodi upande mmoja ukiwa umeinama, mzigo wote unaegemea huko, na mchanga mbichi una tabia mbaya: unateleza upande mmoja, upande wa pili umeganda. Gari linalala ukiwa ndani. Ukiona haushuki, usisogeze gari mbele na kufunga breki ghafla ili uukung'ute. Shusha bodi, mpe utingo koleo. Na kabla ya kunyanyua, tazama juu. Waya za umeme haziko mbali kama zinavyoonekana, na watu wengi huondoka wakiwa wamesahau bodi juu.

La pili ni uzito. Tairi kumi inaruhusiwa jumla ya tani 26 kwa sheria ya Afrika Mashariki, nane mbele na kumi na nane nyuma. Gari lenyewe tupu linakula kumi na moja, kumi na mbili. Unabaki na tani kumi na nne hivi. Kokoto kila mita ya ujazo ni kama tani moja na nusu, piga hesabu, ni mita tisa. Mwenye kijiko, ule mtambo wa kupakia, pale machimboni yeye anajaza hadi ifanye kichuguu, na mteja anataka kichuguu, maana analipia ujazo. Vigwaza, kwenye mizani, wao wanapima uzito. Anayesimama kati ya hao wawili ni wewe uliyeshika usukani, wala si dereva mwenye gari aliyelala nyumbani.

#18 Mtunza Stoo

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Mrejesho.

Mkataba nimeusoma. Kipengele kipo, ukurasa wa nne. Nimeandika barua kuomba kibali, nikaeleza kwamba ni Jumapili na kwamba sitabeba mzigo wa mteja wa kampuni. Meneja ameisoma mbele yangu, akaniuliza kama namjua mtu mwenye mchanga msafi kwa ajili ya nyumba yake. Kibali bado hakijasainiwa.

Tajiri wa tipa nimekwenda kumwona, na dereva mwenye gari tulikwenda wote. Aligoma siku nne kabla ya kukubali. Tajiri alifoka, halafu akatulia, halafu akatoa karatasi ya bima. Ni ndogo. Jina langu sasa analo, na nakala ya leseni anayo. Mkataba hajanipa, amesema "tutaona". Afisa, najua utasema nini.

Jumamosi nimeacha kabisa. Lugoba nimeacha. Nimebaki na Jumapili, Mkuranga, trip mbili, saa 10 jioni gari limelala. Kipato kimeshuka karibu nusu. Chanika itasubiri.

Mke nilimwambia. Hakusema kitu. Asubuhi nilikuta ameondoa saa ya kengele upande wangu wa kitanda.

#19 Afisa Utumishi

Utasema nini nimeshakisema. Fuatilia huo mkataba kabla ya mvua za masika.

#20 Kijiti cha Mwisho

Mzee Gia, na yule utingo je? Mleta uzi alisema kuna jambo wamekubaliana.

#21 Mtunza Stoo

Amejiandikisha darasa la leseni ya D, Jumatatu anaanza. Anaomba mwenye vitabu vya alama za barabarani vya zamani asivitupe.

#22 Gia ya Kupandia

Ninavyo viwili. Vina mafuta kidogo kwenye jalada. Niambie vipelekwe wapi.